Msprusi ulioangushwa na upepo wa Januari: uchambuzi wa kisa cha bonsai ya milimani

Mti wenyewe ni bonsai, yaani mti unaolelewa mdogo kwenye chungu: msprusi wa Engelmann, jamaa wa msonobari unaoota sehemu za juu za milima ya Rocky huko Marekani, hadi pale baridi na upepo vinapoukataza mti wowote kusimama wima. Kimo chake ni sentimita 60, unene wa shina kwenye kitako sentimita 9. Asiyeijua miti hii angeuita mche. Mwenye jicho angetazama gome lililobanduka magamba madogo ya rangi ya kutu, angetazama matawi ya chini yaliyoinamishwa na uzito wa theluji ya miaka mingi, na angejua kwamba huu ni mti mzee uliodumazwa na jabali. Ulichimbwa kwa kibali cha Idara ya Misitu ya Marekani. Kwenye misitu ya taifa kuchimba bila kibali ni wizi, na kwenye hifadhi za taifa hakuchimbwi kitu kabisa.

Mwenye mti ni mzee wangu mmoja, mwenyeji wa Tanga, aliyehamia Colorado zamani na kuweka makazi chini ya milima, karibu na Boulder. Aliununua kwa mchimbaji, akaulea sandukuni, kisha akauhamishia kwenye chungu cha udongo wa kuchoma, cha mstatili, kina kifupi. Ulikuwa na misimu miwili chunguni ulipoanguka.

Kwanza upepo, kwa sababu ndio ulioamua aina ya madhara. Upande wa mashariki wa milima ya Rocky huvuma upepo uitwao chinook. Hushuka kutoka kileleni, na katika kushuka hujibana, ukapata joto na kukauka. Theluji huweza kupotea ndani ya saa chache bila hata kuacha tope. Boulder imewahi kupimwa dhoruba za upepo huo zilizozidi kilomita 160 kwa saa. Kwa bonsai, kasi ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni joto. Chungu kilichokuwa kimeganda barafu kwa wiki kadhaa huanza kuyeyuka kutoka nje kwenda ndani. Asubuhi ya siku ile ganda la nje la bonge la mizizi lilikuwa limelegea, kiini kikiwa bado barafu tupu.

Mti ulikuwa umefungwa vizuri chunguni kwa waya uliopita kwenye matundu ya chini. Chungu ndicho ambacho hakikufungwa kwenye benchi. Kikasukumwa hadi ukingoni, kikaangukia sakafu ya mawe kwa upande wa kulia nyuma.

Alinipigia simu upepo ungali unavuma, nikausikia kabla ya sauti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mti umekwisha. Tawi la kushoto limechanika, linaning'inia."

"Na mizizi?"

"Mizizi sijaitazama. Nakwambia tawi, wewe waniuliza mizizi?"

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Tawi la kwanza la kushoto lilikuwa ndilo uzuri wa mti, nene kama kidole gumba, limetandazwa kwa waya kwa misimu miwili, na sasa lilikuwa limepasuka kwenye bega na kulegea. Mwenye mti yeyote angelia na tawi. Nyuma ya shina gome lilikuwa limekwanguka sehemu ya ukubwa wa kiganja, jeupe na lenye unyevu. Chungu kilikuwa vipande vinne. Lakini jeraha la kuua lilikuwa lile ambalo halikutoa hata tone la utomvu: theluthi nzima ya bonge la mizizi, upande wa kulia nyuma, ilikuwa imebanduka na kumwagika.

Lilibanduka mahali maalumu. Mti uliochimbwa mlimani huja na udongo wake, mweusi, laini, uliotokana na sindano, yaani majani membamba ya miti hii, na kuvumwani zilizooza ndani ya ufa wa jabali kwa vizazi. Mlezi mzuri hauondoi wote kwa mara moja; huuacha katikati na kuuzungushia changarawe nyepesi ya volkano, pamisi, inayopitisha maji na hewa. Mizizi mipya huzaliwa huko nje, kwenye pamisi. Baada ya misimu michache mti unakuwa na bonge moja lenye tabia mbili: kiini cheusi chenye mizizi minene ya zamani, ambacho maji huingia kwa shida na kutoka kwa shida, na ganda jepesi lililojaa nyuzi nyeupe zinazofanya karibu kazi yote ya kunywa. Lilipodunda chini, lilipasuka kwenye mshono huohuo, kama mkate wa kumimina uliotolewa kwenye sufuria kabla haujapoa. Kiini kiliganda pamoja, ganda likaachia. Kwa hesabu ya macho mti ulipoteza theluthi ya mizizi. Kwa hesabu ya mizizi inayofanya kazi, upande wa kulia ulipoteza karibu yote.

Nilimwambia kwa simu mambo mawili tu: autoe mti kwenye upepo, na asitupe hata punje ya pamisi iliyomwagika. Aliuingiza kwenye gereji isiyo na joto, akaufunika mizizi kwa taulo lililoloweshwa maji baridi. Huo ndio uliokuwa msaada mkubwa kuliko yote yaliyofuata, kwa maoni yangu. Sindano za msprusi zilikuwa zikivutwa maji na upepo mkavu wa joto, na kiini cha barafu hakiwezi kutoa maji. Miti ya jamii hii huungua hivyo wakati wa baridi hata bila kuanguka: jua na upepo juu, barafu chini. Giza la gereji halina neno. Kwenye nyuzi joto karibu na sifuri mti haufanyi kazi ya maana ya kutengeneza chakula.

Nilipofika nikakuta ushauri umenitangulia. Wajuzi wawili watatu walikuwa wamekwisha kumpigia. Mmoja alisema: madhali bonge limepasuka, tumia nafasi hii, osha udongo wote wa mlimani, upande upya kwenye pamisi tupu. Mwingine alisema apunguze sindano nusu ili juu kulingane na chini. Wa tatu alimtaja vitamini B1 na homoni ya mizizi.

Vitamini naweza kuimaliza kwa sentensi moja: mimea hujitengenezea yenyewe, na majaribio kwenye miti mizima hayajaonyesha kwamba kuimwagia kunaotesha mizizi. Yale mawili mengine yanahitaji kujibiwa kwa heshima, maana wanaoyasema si wajinga.

Kuosha udongo wa mlimani ni kazi ambayo siku moja lazima ifanyike, kwa awamu, mti ukiwa na nguvu, majira ambayo mizizi inaweza kujibu. Januari mizizi haifuati haraka ya mtu. Udongo ukiwa na baridi, mzizi uliokatwa hubaki umekatwa. Hautoi ncha mpya hadi joto la udongo lipande. Kuusafisha mti uliokwisha kupoteza ganda lake ni kuuondolea pia kile kiini, ambacho ni kibaya lakini ndicho pekee kilichobaki na mizizi isiyoguswa. Humo pia kuna kuvu wanaoishi na mizizi ya misprusi kwa ushirika, wakiisaidia kunyonya maji na madini. Anayeosha anawatoa nao.

Suala la kupunguza sindano ndilo lililotuchelewesha, kwa sababu mzee amekulia kwenye mikwaju na mikuyu. Huko kwetu ukikata mzizi wa mkuyu unaweza kupukutisha majani yote, na baada ya wiki chache mti unachipua hata kutoka kwenye gome tupu. Ana bonsai ya mkwaju ambayo ameifanyia hivyo si mara moja. Msprusi si mkuyu. Tawi lisilo na kijani, kwa kawaida, limekwenda. Mti haurudi nyuma kuchipua kwenye mti mkavu wa zamani. Na kijani kilichopo ndicho kinachotengeneza sukari na homoni za kuamrisha mizizi iote. Ukikata juu kwa kuhurumia chini, umepunguza mshahara wa wale unaotaka wafanye kazi ya ziada. Upotevu wa maji unaweza kuuzuia kwa njia nyingine: kivuli, utulivu wa hewa, unyevu. Kwa hiyo hatukukata ila kilichokuwa kimevunjika. Najua walezi wazuri wanaopunguza kidogo kwenye hali kama hii na miti yao hupona. Kwa msprusi, wakati wa baridi, mimi sipunguzi.

Sasa kazi yenyewe. Mzee alipigilia sanduku la mbao siku ileile, chini vipande vyenye nafasi baina yake na wavu wa plastiki juu yake, ukubwa wa kuzidi bonge vidole viwili tu kila upande. Ukubwa huo una sababu. Sanduku pana hujaa pamisi isiyo na mizizi, hukaa na maji yasiyonywewa na nyakati za baridi hubaki barafu muda mrefu zaidi. Mizizi minene iliyochanika tulikata ncha kwa mkasi mkali, mkato safi, kidogo kadiri iwezekanavyo. Nyuzi nyembamba hatukuzigusa, hata zilizoonekana zimekufa. Pamisi iliyomwagika, ikiwa bado imeshikana na nyuzi, tulirudisha kwa mkono mahali ilipotoka. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo zilikuwa zimekatika na hazikuunga, hilo tulilijua. Lakini chache zilikuwa bado zimeshikilia kwa upande mmoja, na kuzitafuta moja moja kwenye mwanga wa gereji hakukuwa na faida kuliko kurudisha zote. Kisha tukajaza pamisi mpya ya ukubwa uleule. Kwa desturi udongo husindiliwa kwa kijiti cha kulia chakula, unachoma choma hadi mapengo yajae, hapa hatukuchoma. Tuligonga pande za sanduku kwa nyundo ya mpira mpaka changarawe zikajishusha zenyewe.

Kufunga ndiko tulikotumia muda. Bonge lilipitishwa mikanda miwili ya nailoni juu, ikakazwa kwa skrubu kwenye mbao za kando. Halafu shina lenyewe likavutwa kwa nyaya tatu zenye mpira hadi pembe za sanduku. Ukishika kilele na kukitikisa, sanduku zima linatikisika, mti hautikisiki ndani yake. Watu wengi hufunga ili mti usianguke tena. Sababu kubwa ni ncha ya mzizi mpya: ni laini mno, na bonge likicheza hata milimita moja mbili kila upepo ukipita, ncha hukatika kabla hazijashika. Mti unaweza kutoa mizizi msimu mzima na kuipoteza yote hivyo, mwenyewe akidhani anamwagilia vibaya.

Maji tulimwagia siku iliyofuata, ya baridi ya kawaida, kiini kilipokwisha kuyeyuka chenyewe. Maji ya moto, ambayo mtu mmoja alipendekeza, hayakufika kwenye mti huo.

Kuhusu tawi. Lilipasuka juu ya bega, nyuzi za mti zikachanika kwenda chini, na lilibaki limeshikwa na theluthi ya chini ya gome pamoja na ulimi wa mti wenye upana wa kidole. Mradi kuna gome linaloendelea bila kukatika kutoka shinani hadi tawini, kuna tumaini. Tuliondoa vibanzi vilivyozuia mdomo wa jeraha kufunga, tukalinyanyua taratibu mpaka pande mbili zikakutana, tukatoboa kwa keekee nyembamba na kupitisha skrubu moja ya chuma kisichoshika kutu. Juu yake nyuzi za rafia zilizolowekwa, kisha mkanda wa kuungia miche. Mkanda ulikazwa kwa kiasi cha kushika. Ukikazwa kupita hapo unanyonga theluthi ileile unayoitegemea. Chini tukaweka mhimili wa mbao kutoka sandukuni. Mzee alitaka kulirudisha kwenye pembe lililokuwa nayo kabla, chini zaidi, kwa sababu ya umbo. Tuliliacha juu kidogo, mahali lilipofunga vizuri. Umbo lingesubiri.

Gome lililokwanguka nyuma lilichukua muda mfupi. Wakati wa baridi gome la msprusi limeshikamana na mti, halibanduki kama ngozi ya muhogo wa kuchemsha; lililokwanguka limekwanguka. Tulisawazisha kingo kwa kisu na kupaka marhamu ya majeraha kwenye kingo tu, ambapo tabaka hai huweza kukauka na kurudi nyuma. Katikati tuliacha wazi. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha kwamba mti hauponyi jeraha kwa kurudishia nyama kama mnyama. Huzungushia ukuta sehemu iliyoharibika na kuota mti mpya kando yake. Rangi na lami za kupakia majeraha hazizuii kuoza. Na msprusi una utomvu wake, ambao kufikia Machi ulikuwa umeshafunika nusu ya kiganja kile.

Wiki za baridi zilizobaki mti ulikaa gerejini, nyuzi joto kati ya sifuri na tano. Machi ukatolewa nje, ukuta wa kaskazini wa nyumba, juu yake kitambaa cha kivuli. Nyanda zile hupigwa na barafu hadi katikati ya Mei, kwa hiyo kila usiku wa hatari ulirudishwa ndani kwa kitoroli. Hayo ni ya uvumilivu tu.

Mwishoni mwa Mei matumba yalifunguka. Mlezi wa misprusi anaijua furaha hii: tumba linavimba, maganda yake ya kahawia yanajitenga na kusukumwa juu kama kofia ndogo ya karatasi kwenye ncha ya kichala cha kijani kibichi, kisha kofia inaanguka. Mti mzima ulivaa kofia hizo, upande wa kulia na wa kushoto, hadi kwenye tawi lililopasuka. Mzee alinitumia picha akiwa na hakika kwamba mti umepona, na swali: aanze mbolea lini, na waya wa kupinda matawi lini.

Hapa ndipo misprusi mingi hufia, na si kwa ajali. Chipukizi la msprusi halitengenezwi majira ya kuchipua. Hutengenezwa mwishoni mwa kiangazi kilichotangulia, ndani ya tumba, likiwa na sindano zake zote zimeshapangwa. Majira ya kuchipua hurefuka tu kwa maji na akiba iliyomo mtini. Matumba yale yalijengwa Agosti na mizizi mizima, miezi mitano kabla ya ajali. Kufunguka kwake kulithibitisha kwamba mti ulikuwa hai Januari. Juu ya mizizi ya Mei hayakusema kitu. Hata msprusi uliokatwa kabisa na kuwekwa sebuleni kwa Krismasi hubaki kijani wiki kadhaa, na ukiwekwa maji ukapata joto matumba yake yanaweza kuvimba.

Kinachosema ni urefu. Machipukizi ya kushoto yalirefuka sentimita tatu hivi. Ya kulia nyuma yalisimama kwenye sentimita moja, sindano zake zimebanana, rangi yake kijani cha maziwa. Saa saba mchana, ukiyashika kwa vidole, ya kushoto yalikuwa yamesimama na ya kulia yalikuwa laini kama yamepikwa kidogo. Kwa hiyo tulikuwa na mti wenye majira mawili kwa wakati mmoja, na tiba ilipaswa kufuata upande dhaifu.

Mbolea ikangoja. Mzizi usio na ncha haunywi mbolea. Chumvi hukaa kwenye changarawe na kuunguza zile ncha zinazojaribu kutoka. Waya haukutajwa tena. Kivuli kiliongezwa kwa saa za mchana upande wa kulia peke yake, kwa kugeuza sanduku ili upande ule utazame ukuta.

Umwagiliaji ulituletea taabu iliyotarajiwa. Upande wa kulia ulikuwa pamisi mpya isiyo na mizizi, inakauka juu haraka. Kiini cheusi kilibaki na maji. Ukifuata macho, utamwagilia kila siku na kuozesha kiini. Mzee alichomeka vijiti viwili vya mshikaki, kimoja kwenye pamisi na kimoja kikifika ukingoni mwa kiini, akawa anavichomoa asubuhi na kuvigusisha shavuni. Kiini kikiwa bado baridi na chenye unyevu, alinyunyizia majani na juu ya pamisi ya kulia tu, bila kumwagia katikati. Ni kazi ya adabu, na nakiri yeye anaiweza kuliko mimi.

Juni alileta karatasi nyeupe. Ukiiweka chini ya tawi na kuligonga, vumbi huanguka. Likianza kutembea, ni utitiri. Ulikuwepo, mwingi kulia kuliko kushoto. Utitiri wa misprusi hupenda hali ya hewa ya wastani, hushamiri majira ya kuchipua na ya vuli, na mti wenye kiu ndio meza yake. Ukiubonyeza kwa kidole karatasini unaacha mstari mchafu wa kijani. Hatukutumia dawa. Aliwaosha kwa maji ya kasi chini ya sindano kila asubuhi mpaka karatasi ikawa haina kinachotembea, na tangu hapo anagonga tawi moja kila wiki kama mtu anayepima sukari.

Katikati ya Julai sehemu ya juu ya tawi lililopasuka ilififia. Kwanza sindano zilipoteza mng'ao, kisha zikaanza kudondoka zikiguswa, zikiacha vile vijiguzo vyenye ukali ambavyo hufanya kitawi cha msprusi kikwaruze kidole. Vitawi vya chini, vinavyolishwa na theluthi ya gome iliyobaki, vilibaki vizuri. Ilikuwa sehemu ile ambayo tungeitabiri kwa kutazama jeraha, na sikuona sababu ya kuhangaika. Mzee aliona. Alitaka kukaza mkanda. Tukaufungua badala yake, tukakuta mdomo wa juu umekauka na wa chini umeota ukingo mnene wenye afya, milimita kadhaa. Mkanda ulirudishwa umelegea zaidi.

Agosti na Septemba ndiyo miezi ya hukumu, na ndiyo iliyonifanya nikiandike kisa hiki. Ukipitisha kidole kwenye ncha za vitawi unahesabu matumba ya mwaka ujao: yapo mangapi, yamejaa au ni vidutu. Kushoto kila ncha ilikuwa na tumba kubwa la katikati na mawili matatu pembeni. Kilele kizuri. Kulia nyuma ncha nyingi zilikuwa na tumba moja dogo, na nyingine hazikuwa nalo kabisa. Miezi minane baada ya kuanguka, hiyo ndiyo iliyokuwa ripoti ya kwanza ya kweli juu ya mizizi iliyopotea Januari. Wakati huohuo, kwenye nafasi za mbao za sanduku, upande wa kulia chini, tuliona ncha nyeupe tatu nne zinachungulia. Mizizi ilikuwa imeshaanza kurudi. Matumba yalikuwa yakisimulia habari ya miezi iliyopita. Mbolea ya samaki, nyepesi, ilianza hapo, kila wiki mbili hadi baridi.

Mwaka wa pili ukawa kinyume cha wa kwanza kwa sura. Mei upande wa kulia ulitoa machipukizi machache na baadhi ya vitawi vya ndani vikafa. Mgeni angesema mti unadhoofika. Mlezi mwenye pupa angeuhamisha, angeutibu, angemwaga kila alichonacho. Lakini machipukizi yale machache yalikuwa na urefu wa sentimita mbili na zaidi, magumu saa saba mchana, na vijiti vya mshikaki vilikuwa vinakauka sawa pande zote, ishara kwamba kulia kuna mizizi inayokunywa. Vuli ile matumba ya kulia yalijaa. Machipuko ya mwaka wa tatu sanduku likafunguliwa.

Ndani tulikuta ganda jipya la pamisi limeshikwa na mizizi pande zote, na upande uliopasuka ukiwa na nyuzi nyingi kuliko upande mzima, jambo ambalo si ajabu, kwa kuwa mzizi uliokatwa safi hugawanyika. Mzizi mmoja mnene wa kulia ulikuwa mkavu hadi kwenye kitako, tuliukata. Robo ya udongo wa mlimani tuliitoa kwa kijiti, upande wa kushoto ambao haukuwahi kujeruhiwa, na robo ya kulia itangoja zamu yake. Mti ukaingia chungu kipana kidogo kuliko cha zamani, umefungwa, na chungu chenyewe kimefungwa kwenye benchi kwa mkanda wa kukazia mizigo. Benchi nalo limepigiliwa ukutani.

Tawi la kushoto lina theluthi mbili za kijani chake. Sehemu iliyokufa tuliimenya gome na kuiacha mti mkavu, kile walezi wa Japani wanachokiita jin, ikapakwa dawa ya chokaa na salfa. Kwa msprusi wa mlimani si pambo la kubandika. Huko juu nusu ya matawi yako hivyo. Skrubu imebaki ndani na ukingo wa gome unaanza kuipanda. Mbele ya mti imegeuzwa kidogo ili kovu la nyuma lisionekane na udhaifu wa kulia uangukie nyuma ya shina.

Kinachobaki ni waya. Matawi ya misprusi huinama kirahisi lakini husahau polepole, yanataka kushikwa muda mrefu kuliko ya msonobari, na kila kupinda kunavunja nyuzi ndogo ndogo ambazo mti lazima uzilipie kwa akiba. Mzee anataka kuanza Oktoba hii, na hoja yake ni kwamba kushoto kuna nguvu za kutosha. Mimi nataka kwanza nipitishe kidole kwenye ncha za kulia mwezi Septemba, na mpaka naandika haya hatujaafikiana.